Watoto wa Paka wa Lamu: Kabla ya Kuwaokota
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliwatazama paka wakubwa wa Lamu, wale wasio na mwenyewe, wanaoshinda gatini wakingojea samaki washushwe na kulala kwenye magofu usiku ukiingia. Sasa tuwageukie watoto wao, maana hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoleta madhara bila kujua.

Paka jike huingia kwenye joto kwa kufuata urefu wa mchana. Kule Ulaya, mchana ukifupika wakati wa baridi, majike wengi hupumzika miezi kadhaa. Lamu iko kiasi cha nyuzi mbili tu kusini ya ikweta. Mchana wa Juni na wa Desemba haupishani hata nusu saa. Kwa hiyo jike wa hapa hana msimu wa kupumzika. Hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine ilhali bado ananyonyesha. Binti yake naye anaweza kuzaa kabla hajatimiza mwaka, kwani wapo wanaoshika mimba wakiwa na miezi minne au mitano tu. Ndiyo sababu hakuna mwezi ambao hutasikia vilio vyembamba nyuma ya rundo la boriti.

Na kinachotokea baadaye tunakijua sote. Mtoto anatoka chuoni, anasikia vilio, anachungulia, anaona watoto wanne wa paka, mama haonekani. Anawatia kwenye boksi na kuwapeleka nyumbani. Wanapewa maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani. Wanaharisha. Baada ya siku chache wamekufa, na aliyewaokota analia kwa uchungu wa kweli.

Mama yao hakuwa amewatupa. Alikwenda kutafuta riziki. Paka anayenyonyesha huweza kukaa saa kadhaa mbali na wanawe, na harudi akiona mtu amesimama pale. Pengine alikuwa katikati ya kuwahamisha, akimbeba mmoja mmoja kwa ukosi, na yule unayemkuta peke yake ni wa mwisho kwenye zamu. Tena si kweli kwamba akinusa mkono wa mtu atawakataa. Ila akisumbuliwa mara kwa mara atawahamishia mahali pengine, pengine pabaya zaidi.

Basi tazama kabla ya kugusa. Watoto walionona tumbo, wakavu, wasafi, waliolala kimya wakiwa wamegandamana, wana mama. Wanaolia mfululizo, waliopoa, wachafu, tumbo limenywea, huenda hawana. Ukiwa na shaka, nyunyiza unga kidogo kuzunguka kiota, uondoke kabisa, urudi baada ya saa chache uangalie nyayo. Mambo mawili tu hayasubiri: kiota kikiwa kwenye njia ya maji wakati wa masika, au kunguru wakianza kuwadonoa. Hapo wasogeze hatua chache tu, mahali pakavu penye kivuli, ambapo mama atawasikia.

Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa kumhurumia paka. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia tumeisikia darsani tangu utotoni. Ninaloomba tulizingatie ni kwamba kosa lake lilikuwa na pande mbili: hakumpa chakula, na hakumwachia nafasi ya kujitafutia. Mtoto wa paka aliyetolewa kwa mama yake na kutiwa kwenye boksi, pasipo mtu wa kuamka usiku kumnyonyesha, yuko katika hali hiyohiyo.

Msaada mkubwa unaoweza kumpa mtoto wa paka ni kumlisha mama yake. Mpe vichwa vya samaki au dagaa waliochemshwa bila chumvi, na maji safi kila siku. Wachemshe, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi, wakiliwa mfululizo, huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Weka chakula mbali kidogo na kiota, usije ukawaita kunguru na paka dume pale watoto walipolala.

Wakiwa yatima kweli, joto hutangulia maziwa. Mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula, na ukimlisha utamuua. Funga chupa ya maji ya moto kwa kitambaa, mlaze kando yake mpaka apate joto, kisha tafuta maziwa maalumu ya watoto wa paka kwa daktari wa mifugo. Ya ng'ombe hayafai. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya maradufu. Mnyonyeshe akiwa amelalia tumbo, kamwe si chali, asije akapaliwa. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na kila mara umpanguse sehemu za siri kwa pamba yenye maji vuguvugu, kwa maana bado hawezi kukojoa mwenyewe.

Umri nao huamua mengi. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Mtafiti Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka anapojifunza kumzoea mwanadamu. Kama una nyumba ya kumpa, mzoeze katika wiki hizo mama akiwa karibu, umchukue akifikisha wiki nane. Kama huna, mwache alipo. Akifikia uzito wa kilo moja anaweza kufungwa uzazi na kurudishwa kwenye mtaa wake, na ncha ya sikio ikakatwa akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, ili asikamatwe tena bure.

Akikuuma au kukuparura, hata awe mdogo namna gani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakibagui mnyama, na dalili zikishajitokeza hakina tiba.

Wiki ijayo: namna ya kumnasa mama bila kumjeruhi, na siku za kumwangalia baada ya upasuaji.