TUJUE HESABU YA UMEME

Umeme umeingia katika vijiji vingi. Una faida nyingi. Lakini waya ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata moto, na nyumba huweza kuungua. Tujifunze kuupima mzigo huo.

Msukumo wa umeme hupimwa kwa volti. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Wati ni nguvu ya chombo.

Mfano: Pasi inavuta ampea 5.
230 × 5 = wati 1,150.

Ukigawanya volti kwa ampea utapata ukinzani, yaani jinsi chombo kinavyouzuia umeme.
230 ÷ 5 = omu 46.

Tuseme waya wako wa ekstensheni unabeba ampea 5 tu. Pasi peke yake inatosha. Ukichomeka hapo na birika la wati 2,300, zinaongezeka ampea 10. Jumla ni ampea 15. Hiyo ni hatari!

Fyuzi ikikatika, usiweke kipande cha waya mahali pake. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue.

Ndugu msomaji, kabla ya kuchomeka chombo, soma wati zake. Gawanya kwa 230. Utajua ampea zake.