Mkia wa basi na lango la shule

Yeyote aliyesimama asubuhi karibu na lango la shule iliyojengwa mlimani ameisikia sauti hiyo: mkwaruzo mrefu wa chuma juu ya saruji. Basi la wanafunzi linapanda kutoka barabarani, magurudumu ya nyuma yanaanza kukwea, na mkia wake unaburuta chini. Dereva hukaza mafuta, watoto hucheka, na safari huendelea. Hakuna anayeuliza gharama.

Ruiru na Thika ni miji ya mito na miinuko. Tangu barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, majengo yameongezeka kandokando yake kwa kasi, shule zikiwamo. Kila mwenye ploti hujitengenezea njia ya kuvuka mtaro na kuingia kwake, na kwa kuwa ardhi ni ghali, njia hiyo huwa fupi na kali.

Tatizo lenyewe ni hesabu nyepesi ambayo mwalimu anaweza kuifundisha hapo hapo langoni. Tuseme mkia wa basi umetokeza mita 3 nyuma ya ekseli, nao uko sentimita 45 juu ya ardhi. Tuseme pia kwamba njia inapanda mita 1.2 katika urefu wa mita 6, yaani sentimita 20 kwa kila mita. Magurudumu ya nyuma yakiwa yameanza kupanda, mkia utashuka mara tatu ya sentimita 20, yaani 60. Nafasi iliyopo ni 45 tu. Lazima ugonge.

Wengi hukimbilia kwa fundi ili ainue springi. Ukiinua sentimita 5, unapata 50, bado hazitoshi. Ukiinua zaidi, uzito wa basi na abiria wake unapanda juu, na basi refu lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi kwenye kona. Tutakuwa tumeokoa bampa na kuhatarisha watoto.

Dawa iko ardhini. Njia ile ile ikirefushwa hadi mita 12, mkia utashuka sentimita 30 tu, na zitabaki 15 za usalama. Kiwanja kikiwa kifinyu, njia na ipinde ndani ya ua badala ya kupanda moja kwa moja. Kwa upande wa basi, gurudumu la akiba lisining'inizwe chini ya mkia, na anayeagiza bodi mpya amwombe mjenzi auinue mkia kuelekea nyuma.

Msomaji ataniuliza: je, mkwaruzo ni jambo la kuandikiwa gazetini? Naam. Bomba la moshi hupita huko huko nyuma. Likipasuka, gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, yaweza kupenya hadi walipoketi watoto. Tena basi likikwama langoni, nusu yake hubaki barabarani mbele ya magari yanayokuja.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wakuu na bodi za shule, kabla ya kununua basi jipya, chukueni futi kamba mwende langoni. Nanyi wanafunzi mnaolalamika kwamba hesabu haina kazi, nendeni mkawashikie ncha ya pili.