Mtoto wa Mbwa Alale Wapi?

Ndugu zetu wasomaji, twajua ya kuwa wako watakaostaajabu kuona mbwa ametajwa katika ukurasa huu wa nyumba na malezi. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe, lau si haya yaliyotufika mwanzo wa masika, tusingalishika kalamu kwa jambo hili. Lakini wengi wakaao mashamba, na hata pembezoni mwa miji, wanafuga mbwa kwa ajili ya mifugo yao na milango yao, na aghlabu wanafuga kwa haya, kana kwamba ni jambo la kufichwa. Na kwa kuwa linafichwa, haliulizwi; na kwa kuwa haliulizwi, hukosewa pande zote mbili, upande wa tohara na upande wa huruma.

Kwetu sisi ni shamba, nje ya mji wa Tanga, katika njia iendayo Pangani. Tuna minazi, mihogo, na mbuzi kumi na wawili. Walikuwa kumi na watano. Watatu walichukuliwa usiku mmoja, na aliyewachukua hakuwa fisi, maana fisi hajui kufungua komeo na kulirudisha. Ndugu yetu aliye Muheza alipopata habari hiyo akatuletea, ndani ya kapu la ukindu, mtoto wa mbwa wa miezi miwili, rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko kichwa. Alifika baada ya alasiri. Isha ilipoadhiniwa nyumba ilikuwa imekwisha gawanyika.

Mtoto wetu wa kiume, mwenye miaka tisa, alitaka kijibwa kilale naye kitandani. Mama yetu mzazi, ambaye chumba chake ndicho kilicho jirani na cha mjukuu wake, alisema ya kuwa mbwa na msala havikai chini ya dari moja, akaingia ndani kwake asitake kusikia neno jingine. Mama watoto alitaja baraza ya mbele. Sisi tukaamua afungwe kamba chini ya mwembe, kama wafungwavyo mbwa wa watu. Tuliyasema hayo kwa sauti ya mtu ajuaye, wala hatukuwa tukijua kitu.

Usiku ule hakuna aliyelala. Kijibwa kililia kilio ambacho hatukudhani mnyama mdogo kiasi kile aweza kukitoa. Yapata saa saba kikanyamaza, nasi tukashukuru, tukidhani kimezoea. Kumbe kamba ilikwisha funguliwa. Alfajiri mama yetu alitoka kwenda kutia udhu, akapitia chumbani mwa mjukuu wake kumwamsha kwa sala, akakanyaga mkeka uliolowa. Alipomulika kwa kurunzi aliona, chini ya kitanda, macho mawili yanamtazama.

Hatutasimulia yaliyosemwa asubuhi ile. Mkeka ulioshwa mara saba, moja katika hizo kwa maji yaliyovurugwa na udongo, na mguu wa mama yetu vivyo hivyo, na mtoto wetu akakaa nyuma ya nyumba akilia. Mchana tulimwendea shekhe wetu atusomeshaye, mtu mzima, tukamweleza yote kwa aibu. Alicheka. Akasema jambo hili limepata kutokea katika nyumba iliyo bora kuliko yetu.

Akatukumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, ambayo tuliwahi kuisoma bila kudhani kuwa itatuhusu. Jibrili alimwahidi Mtume (s.a.w.) kumjia saa maalumu, saa ikafika, asije. Mtume (s.a.w.) akahuzunika, kwani aliyajua ya kuwa Mwenyezi Mungu havunji ahadi wala wajumbe wake hawaivunji. Ndipo akageuka akaona mtoto wa mbwa yuko chini ya kitanda. Akamwuliza Bibi Aisha (r.a.) ameingia lini, naye akaapa kuwa hajui. Akaamuru atolewe, na Jibrili akaja, akaeleza ya kuwa wao Malaika hawaingii nyumba iliyo na mbwa wala picha. Katika riwaya ya Bibi Maimuna (r.a.) imekuja pia ya kuwa Mtume (s.a.w.) alichukua maji akapanyunyizia mahali pale alipokuwa.

Shekhe alitutaka tulitazame neno moja katika kisa hicho, ya kuwa aliyekuwa chini ya kitanda alikuwa mtoto, si mbwa mkubwa, wala hapana aliyejua kuwa yumo. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyotulea sisi Mashafi wa pwani hii, ametolea hoja hapo hapo. Wako wanazuoni, naye Khattabi ni mmoja wao, waliosema ya kuwa Malaika hujizuia na nyumba yenye mbwa aliyekatazwa kufugwa tu, wala si wa kuwinda au wa kulinda. Nawawi akaona ya kuwa maneno ya hadithi ni ya mbwa wote. Kwani mwenye nyumba ile alikuwa na udhuru ulio wazi, na juu ya hayo Jibrili hakuingia. Basi hata mbwa wa mbuzi wetu, kwa rai hiyo, si wa kulala chumbani. Wala udogo wake si ruhusa.

Lakini Nawawi huyo huyo ndiye aliyetutoa katika dhiki ya pili. Hadithi yasema ya kuwa afugaye mbwa asiye wa kuwinda, wala wa mifugo, wala wa shamba, hupungukiwa na thawabu zake kirati moja kila siku, na katika riwaya nyingine kirati mbili. Mama yetu alikuwa akiuliza: kijibwa hiki hakilindi chochote, chaogopa hata jogoo, je, hakimo katika waliokatazwa? Jawabu ni kwamba wanazuoni wetu wamelijadili hilo khasa, na kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kuwa yafaa kumlea mtoto wa mbwa ili awe wa kazi hizo. Na kulinda nyumba kumepimwa kwa kulinda mifugo na shamba, kwani sababu ni moja.

Katika tohara pia tulikuwa tukizidisha, maana baada ya asubuhi ile nyumbani kwetu hapana aliyetaka hata kupita karibu ya yule mnyama. Kwetu Mashafi mbwa mzima ni najisi nzito, lakini najisi haihami kutoka kikavu kwenda kikavu. Mtoto akigusa manyoya makavu kwa mkono mkavu hana la kuosha. Unyevu ndio uletao haja ya maji saba na udongo: mate yake, mkojo wake, au mkono wetu uliolowa. Ndugu zetu Mahanafi huyaona mate ndiyo najisi, si mwili. Na Mamaliki humwona mbwa kuwa tahiri, na kukosha chombo alichoramba kwao ni ibada ya kutii amri. Twalitaja hili ili msomaji aliyeoa au kuolewa katika nyumba ya madhehebu nyingine asije akagombana na wakwe zake kwa sababu ya mbwa.

Tuliporejea nyumbani tulimkuta mtoto wetu hali chakula. Alituuliza swali moja tu: kama Malaika hawamtaki, je, na Mungu hamtaki? Swali kama hili mzazi hulijibu mara moja maishani, na akilikosea halirudi. Tukamkalisha, tukamsomea habari za Watu wa Pangoni katika Sura ya Kahf, vijana walioikimbiza imani yao wakalazwa miaka mia tatu na tisa, na mbwa wao pamoja nao. Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa huyo katika Kitabu chake, akaeleza hata mlalo wake, jinsi alivyoinyosha miguu yake ya mbele. Kisha tukamsimulia habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria.

Mtoto akafikiri, akauliza: Yule wa pangoni alilala wapi? Tukamwambia, kizingitini, na wafasiri wengine wamesema uani, mbele ya pango. Akasema: Basi na huyu tumtafutie kizingiti.

Hapo ndipo tulipoanza kulitazama jambo kwa akili. Chini ya mwembe hapafai. Tuliona wenyewe, asubuhi, mstari wa siafu umepita si mbali na ile kamba, na siafu wakimkuta mnyama mdogo aliyefungwa hawamwachi. Tena masika ilikuwa imekwisha anza. Baraza ya mbele tunasali jamaa na ndiyo tunayofuturia Ramadhani, basi haikustahili. Jikoni ndimo vilimo vyombo. Likabaki banda la mbuzi, ambalo lina paa la makuti mazito na liko hatua kama ishirini kutoka mlango wa uani.

Na banda la mbuzi si mahali pa kutupiwa tu. Yaliyo mbali hutusaidia kuyaona ya karibu: kule Namibia, tangu mwaka 1994, shirika moja la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo, ili wasiwe na haja ya kuua duma. Watoto wa mbwa hao huwekwa pamoja na mifugo wangali wadogo, wa wiki nane hivi na kuendelea, walale nayo, wakue wakiihesabu kuwa ndiyo jamaa zao. Mbwa aliyezoea kitanda cha mtoto hulinda kitanda cha mtoto. Sisi tulitaka alinde mbuzi.

Tulichukua kasha la mbao lililokuwa la sabuni, tukalilaza ubavu, tukaliinua juu ya matofali ili unyevu wa ardhi usimfikie, tukatandika gunia kavu. Tukalizungushia fito ili mbuzi wamwone na wamnuse bila kumkanyaga. Jivu tulimwaga pande zote kwa ajili ya siafu. Kamba hatukuirudisha.

Kilio chake kilikuwa na sababu ambazo mtu mzima angalipaswa kuzijua bila kuambiwa. Usiku wa kwanza mtoto wa mbwa hupoteza kwa mara moja joto la mama yake na la ndugu zake wote. Na wa miezi miwili hawezi kuuzuia mkojo tangu isha hadi alfajiri. Ni lazima atolewe kati ya usiku, au ataharibu malazi yake naye alie. Kwa hiyo tuliihamisha teremka yetu ya kamba hadi kibaraza cha uani, tulale pale atusikie tukikohoa. Chakula chake tukampa mapema kabla ya magharibi. Yapata saa saba tukamtoa, akajisaidia, tukamrudisha bila kucheza naye. Mtoto wetu aliomba kazi hiyo, tukampa usiku wa Ijumaa tu, maana siku nyingine ana shule.

Kuna na upande wa afya, ambao wenzetu wengi hawauhesabu. Watoto wa mbwa aghlabu huzaliwa na minyoo, au huipata katika maziwa ya mama yao, na mayai yake hudhuru watoto wa watu wachezao mchangani. Daktari wa mifugo alimpa dawa, akatuamrisha tuzike kinyesi chake kila siku. Akatupa tarehe ya kumrudisha akitimiza miezi mitatu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, dalili zake zikisha onekana kwa mtu, karibu hapana aponaye. Nao huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Atakayeumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mdogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo, asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Usiku wa kwanza bandani alilia mpaka karibu ya alfajiri, ingawa si kwa sauti ile ya mwembeni. Wa pili alilia kidogo. Wa nne tuliamka wenyewe kwa kutosikia kitu, tukaenda kutazama kwa hofu, tukamkuta amelala amejibana na fito, na upande wa pili mwana-mbuzi amejibana vivyo hivyo.

Usiku wa saba ikapiga mvua ya radi. Tulipofungua mlango wa uani tulimwona mama yetu amekwisha tangulia, kurunzi mkononi, mwavuli begani, amesimama mlangoni pa banda pasipo kuingia. Alituambia, bila ya kugeuka, ya kuwa paa linavuja upande wa kasha na kesho litafutwe kuti. Kisha akaturushia kisutu chake kikuukuu, akasema tumfunike nacho yule mnyama, na ya kuwa yeye hakitaki tena.