Kupima, Kutathmini na Kukadiria: Istilahi za Uteuzi wa Kwotabeki katika Futiboli ya Kimarekani

Istilahi za michezo huletwa kwetu kwa wingi, na aghalabu hazina taabu kubwa. Goli, refa na penalti zilikwisha kupata uraia wa lugha zamani, wala hapana anayeuliza zilitoka wapi. Taabu huanza pale ambapo habari inayofasiriwa si ya mchezo wenyewe, bali ni ya hukumu inayotolewa juu ya mchezaji kabla hajacheza. Habari za namna hiyo hufurika kila mwaka ifikapo mwezi wa Aprili, wakati timu 32 za ligi ya NFL huko Marekani zinapochagua vijana kutoka vyuo vikuu, na zaidi ya wote kijana wa nafasi moja tu, ile ya kwotabeki. Mfasiri wa gazeti au wa redio aliye na saa mbili za kumaliza kazi hukutana na maneno yenye sura ya kipimo ilhali si kipimo, na maneno yenye sura ya sifa ilhali ni bashiri. Asipoyatenga, msomaji wake ataarifiwa kuwa jambo limethibitishwa, kumbe limekisiwa tu.

Hapana budi tueleze kwanza nafasi yenyewe. Katika mchezo huu, ambao mpira wake una umbo la yai na huchezwa kwa mikono kuliko kwa miguu, kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Katika muda wa sekunde mbili au tatu yampasa aamue: aurushe kwa mdakaji aliye mbali, ampe mkimbiaji aliye karibu, au akimbie nao mwenyewe. Wenzake watano wenye miili mikubwa humzunguka mbele na ubavuni ili adui asimfikie. Nafasi hiyo anamosimama, Kiingereza huiita "pocket", na wako wafasiri walioandika "mfuko". Sisi twapendekeza "boma", kwa kuwa ndivyo ilivyo: ni uzio wa watu, na uzio huo huweza kuvunjwa.

Jina la kwotabeki lina mgogoro wake. Kiswahili kinalo neno "beki" tangu zamani, nalo lina maana ya mlinzi wa nyuma katika soka. Msomaji anayekutana na "kwotabeki" kwa mara ya kwanza anayo haki ya kudhani kwamba ni mlinzi wa robo uwanja, hali huyu ni kiongozi wa mashambulizi. Tulitafakari "mwongozaji", lakini hilo limekwisha kushikwa na watu wa filamu. Tukatafakari "nahodha", lakini nahodha ni cheo kingine, na timu moja huweza kuwa na manahodha kadhaa wasiorusha mpira hata mara moja. Utohozi umeshinda kwa kukosa mpinzani. Ila mfasiri aongeze maelezo mafupi mara ya kwanza anapolitumia, na asikubali kabisa tafsiri sisisi ya "robo nyuma", ambayo haimwambii mtu chochote.

Neno "draft" limeleta madhara zaidi. Katika ofisi zetu "draft" ni rasimu, na mfasiri mwenye haraka huandika "rasimu ya NFL" pasipo kusita. Wengine huandika "usajili". Rasimu haina maana hapa, na usajili una maana isiyo yake. Utaratibu wenyewe ni huu: timu huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya msimu uliopita ikitangulia, na zamu hizo hurudiwa kwa duru saba. Kijana haulizwi anaipenda timu ipi. Timu ikishamtaja, ni hiyo peke yake ndani ya ligi yenye haki ya kufanya naye mkataba. Mkataba ni jambo la baadaye, na huweza usifanyike. Katika uteuzi wa kwanza kabisa, mwaka 1936, aliyetajwa wa kwanza alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Timu ya Philadelphia ilimteua, ikaiuzia haki yake timu ya Chicago, na Berwanger hakucheza katika ligi hiyo hata siku moja. Aliteuliwa, hakusajiliwa. Kwa sababu hiyo twapendekeza "uteuzi wa zamu", na kila nafasi ya kuteua iitwe "zamu": zamu ya kwanza, zamu ya 32, zamu ya 199. Timu zinapopeana nafasi, na hufanya hivyo mara nyingi, twaweza kusema zimebadilishana zamu, na kila Mswahili ataelewa.

Uteuzi wa zamu si wa futiboli peke yake. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliteuliwa katika zamu ya pili ya ligi ya mpira wa kikapu ya NBA na timu ya Memphis. James Harden alikuwa wa tatu mwaka huo, na Stephen Curry wa saba. Wasomaji wetu wanaofuata mchezo huo wanajua jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, na kwamba orodha ya zamu na orodha ya mafanikio ni orodha mbili.

Sasa tuingie katika kiini cha makala haya. Kazi anayofanyiwa kijana kabla ya uteuzi huelezwa kwa Kiingereza kwa maneno yanayopishana ovyo, na wafasiri wetu huyakusanya yote chini ya "kupima". Kiswahili kina vitenzi vitatu vilivyo tayari, na kila kimoja kina mahali pake. Kupima ni kwa futi, saa na mizani. Kutathmini ni kutoa thamani ya jambo lililokwisha kutendeka. Kukadiria ni kutaja kiasi cha jambo ambalo bado halijawa. Watumishi wa serikali wanalijua kitenzi hiki vyema, maana kila mwaka wa fedha wana makadirio ya mapato na matumizi, na hakuna mhasibu anayeyachanganya makadirio na hesabu zilizofungwa.

Upimaji hufanyika hasa katika kambi ya vipimo, ambayo tangu mwaka 1987 imekuwa ikifanyika Indianapolis. Hapo vijana hupimwa kimo na uzito, hukimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi, na viganja vyao hupimwa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetanuliwa. Wafasiri wameandika "upana wa mkono", "ukubwa wa kiganja" na mengine. Lakini kipimo hicho Kiswahili kinacho tangu enzi za mababu: ni shibiri. (Tunashauri "shibiri" wala si "shubiri", isije ikadhaniwa ni dawa chungu.) Inaaminiwa kwamba kwotabeki mwenye shibiri fupi atapotewa na mpira siku ya mvua au baridi. Mwaka 2020 shibiri ya Joe Burrow ilikuwa inchi 9, pungufu ya wengi, na maneno yakawa mengi. Cincinnati ikamteua katika zamu ya kwanza hata hivyo. Kimo nacho kilikuwa sheria isiyoandikwa kwa miaka mingi, hata ikafika mwaka 2023 ambapo Carolina ilimteua Bryce Young, mwenye sentimita 178 hivi, mbele ya wote.

Tathmini hutazama mikanda ya michezo ya chuo. Hapa mfasiri aangalie sana, kwa sababu tathmini hupenda kujivika tarakimu. Mfano ulio bora ni asilimia ya pasi zilizodakwa. Idadi ya pasi zilizorushwa na zilizodakwa ni hesabu ya kweli. Lakini kuichukua asilimia hiyo kuwa ndiyo shabaha ya mrushaji ni hukumu, maana pasi fupi hudakwa kwa wepesi kuliko ndefu, mdakaji mzembe huangusha mpira uliomfika mikononi, na kocha huweza kupanga mchezo unaompa kijana pasi rahisi tupu. Josh Allen, alipokuwa Chuo Kikuu cha Wyoming, pasi zake zilizodakwa zilikuwa 56 hivi katika kila 100. Kwa hesabu hiyo wengi walisema hana shabaha, na kwamba shabaha haifundishiki. Buffalo ilimteua mwaka 2018 katika zamu ya saba. Mwaka wake wa kwanza alipata 53 hivi katika 100. Mwaka 2020 alifika 69. Na kwa msimu wa 2024 alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Hesabu ya Wyoming haikuwa ya uongo. Neno "hana shabaha" ndilo lililozidi hesabu.

Hali kadhalika huzungumzwa juu ya mfumo wa mchezo wa chuo. Patrick Mahomes alitoka Texas Tech, chuo kilichojulikana kwa kurusha mpira mno, na makwotabeki wa mifumo ya namna hiyo walikuwa wakitiliwa shaka kwamba tarakimu zao ni za mfumo, si zao. Mwaka 2017 Chicago ilipanda hadi zamu ya pili ili imteue Mitchell Trubisky, ambaye alikuwa ameanza michezo 13 tu chuoni. Mahomes alisubiri hadi zamu ya kumi, Kansas City ikiwa imepanda kutoka zamu ya 27, naye amekwisha kutwaa ubingwa mara tatu.

Makadirio ndiyo tunda la yote hayo, na ndiyo yanayolipiwa. Mkadiriaji husema: kijana huyu, akiwa na wenzake wapya, mbele ya walinzi wenye kasi kuliko aliowahi kuwaona, atakuwa hivi. Kwa ajili hiyo hatupendelei "msaka vipaji" kuwa tafsiri ya "scout" katika muktadha huu, ijapokuwa linafaa penginepo. Anayesaka hutafuta kilichofichika. Kwotabeki wa zamu ya kwanza hakufichika. Nchi nzima imemtazama kila Jumamosi kwa miaka. Mtu huyu hasaki, anakadiria. Aitwe mkadiriaji, na "skauti" waachiwe vijana wenye skafu.

Tofauti ya vitenzi hivi huonekana wazi kwa Tom Brady. Mwaka 2000, akitoka Chuo Kikuu cha Michigan, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28. Makwotabeki sita waliteuliwa kabla yake, naye akateuliwa na New England katika zamu ya 199. Akastaafu mwaka 2023 akiwa na mataji saba. Magazeti hupenda kuandika kwamba "vipimo vilikosea". Havikukosea. Brady alikuwa mzito wa mbio siku ile, na alibaki mzito wa mbio hadi mwisho. Kilichokosea ni makadirio, na mfasiri anayeandika "vipimo" hapo huilaumu saa kwa kosa la aliyeisoma.

Hata vipimo vya akili vina hadithi yake. Kwa miaka mingi vijana walipewa mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, uitwao Wonderlic, ambao ligi iliuondoa kambini mwaka 2022. Maksi zilikuwa kipimo, naam. Lakini kipimo cha nini, hapo ndipo watu walipogawanyika.

Anayekadiriwa tumuite nani? "Mtarajiwa" ni neno zuri, la mnyambuliko safi. Tahadhari yetu ni moja: katika matumizi ya kawaida mke mtarajiwa ni yule ambaye posa imekwisha kupokewa, na mtarajiwa wa uteuzi hana posa wala mahari. Muktadha utalichunga. Kuhusu maneno ya Kiingereza yanayotaja dari na sakafu ya mtarajiwa, yaani mbali kabisa anapoweza kufika na chini kabisa anapoweza kuishia, tunayo "upeo" na "kima cha chini", la pili likiwa limezoeleka katika mambo ya mishahara. Dari na sakafu ziachiwe mafundi waashi.

Limebaki neno moja ambalo limetugawanya hata sisi wenyewe ofisini. Kiingereza humwita "bust" mtarajiwa aliyeteuliwa mapema kisha asifae. Mwaka 1998 palikuwa na mabishano kama Indianapolis imteue Peyton Manning au Ryan Leaf. Manning alikuwa wa kwanza, Leaf wa pili, kwa timu ya San Diego. Leaf alikuwa amekwisha kuacha mchezo kufikia mwaka 2002. Mwaka 2007 Oakland ilimteua JaMarcus Russell katika zamu ya kwanza kwa sifa za nguvu ya mkono wake, ikamwacha mwaka 2010. Wenzetu wamependekeza "galasa", neno la karata ambalo vijana hulitumia kwa kitu kisicho na thamani. Ni neno hai, na kwa kichwa cha habari linavutia. Hatukuliafiki. Galasa humwangukia mchezaji peke yake, mtu wa miaka 22 au 23 ambaye hakujiteua, wala hakujipangia zamu, wala hakuandika ripoti iliyomsifu. Pendekezo letu ni "kadirio potofu", ambalo huweka upotofu katika kadirio. Na pale ambapo mchezaji mwenyewe alifanya uzembe, mwandishi aueleze uzembe huo kwa sentensi yake. Twajua kuwa ni refu, na kwamba mhariri wa michezo mwenye safu nyembamba atanung'unika.

Kwa mazoezi, tuchukue sentensi ya aina inayopatikana katika ripoti hizi: kijana ana mkono wenye nguvu, shabaha ya wastani, na upeo mkubwa. Kwa Kiingereza sifa hizo tatu hupangwa kama ndugu wa tumbo moja. Kwa Kiswahili twashauri: "Kasi ya mpira wake imepimwa na kuonekana kubwa, kwa tathmini ya michezo yake ya chuo, shabaha yake ni ya wastani, na wakadiriaji wanamtarajia kufika mbali." Maneno yameongezeka, lakini msomaji sasa anajua ni lipi limetoka katika chombo, lipi katika mkanda, na lipi katika kichwa cha mtu.

Istilahi ambayo hatujaipatia jawabu ni ile ya utulivu wa kwotabeki ndani ya boma, anapohisi adui anamjia ubavuni na macho yake bado yako mbele kwa wadakaji. "Utulivu" pekee halitoshi, kwa sababu mtu aweza kutulia kwa kutojua hatari. "Ujasiri" limezidi. Wavuvi na manahodha wa majahazi huenda wana neno la mtu anayeshika usukani hali anausikia upepo ukigeuka nyuma yake. Msomaji anayelijua na atuletee, pamoja na mfano wa matumizi na mahali linapotumika.