Fahamu: Kwa nini kinga ya mwili humgeukia mwenyewe?

Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, pamoja na Shimon Sakaguchi wa Japani. Walibaini jinsi mwili unavyoizuia kinga yake isiushambulie.

Tatizo ni nini?
Kuna seli nyeupe za damu zinazotuliza nyingine. Zikishindwa, kinga huweza kushambulia viungo vizima. Ikilenga kongosho, mtu hupata kisukari cha aina ya kwanza. Ikilenga maungio, baridi yabisi. Katika ugonjwa wa lupasi, hulenga ngozi, figo, hata moyo.

Chanzo chake?
Si kimoja. Jeni za kurithi huongeza hatari, kisha vichocheo kama virusi au sigara huweza kuuamsha ugonjwa. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupasi ni wanawake. Magonjwa haya hayaambukizi.

Dalili
Uchovu usioisha, maungio kukakamaa asubuhi, au upele wenye umbo la kipepeo mashavuni. Kwenye ngozi nyeusi, upele huo huweza kuwa wa zambarau au kahawia, hivyo hupita bila kutambuliwa.

Tiba
Mengi ya magonjwa haya hayaponi kabisa, ila hudhibitiwa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hutumia insulini. Kwa lupasi, tegemeo ni haidroksiklorokwini, dawa iliyoanzia kwenye malaria. Anayeitumia hupimwa macho mara kwa mara. Dawa ya prednisoloni hutuliza uvimbe haraka, lakini aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla: daktari humpunguzia dozi kidogo kidogo.