Je, Wajua? Nta ya Karnauba na Rangi ya Gari

Je, wajua kwamba ile nta ngumu ambayo wenye magari huipaka juu ya rangi asili yake ni jani la mti? Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Brazil, hususan Ceará na Piauí, ambako kiangazi ni kirefu na jua halina huruma, huota mti wa karnauba, ambao wataalamu wa mimea huuita Copernicia prunifera, nao ni wa ukoo mmoja na mvumo na mkoche wetu. Ili maji yake yasinyonywe na hewa kavu, jani la mti huo hujifunika utando mwembamba wa nta. Na wavunaji, msimu wa ukavu uwadiapo, huyakata majani kwa miundu iliyofungwa kwenye fito ndefu, huyaanika juani mpaka yasinyae, kisha huyapiga ili unga wa nta udondoke, unga ambao huyeyushwa, ukachujwa, ukaachwa ugande na kuvunjwa vipande. Nta hiyo ilithaminiwa hata mwaka 1935 Herbert F. Johnson, mkuu wa kampuni ya Johnson ya mji wa Racine, Marekani, iliyokuwa mashuhuri kwa nta ya sakafu, alisafiri hadi Brazil kwa ndege ya Sikorsky S-38, iwezayo kutua majini na nchi kavu, ili ajionee mwenyewe kama miti hiyo ingekidhi haja ya viwanda vyake.

Sababu ya kuthaminiwa kwake ni ustahimilivu wa joto. Nta ya nyuki, ambayo warina asali wa Tabora huipata katika misitu ya miombo, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ilhali karnauba haiyeyuki mpaka zipite nyuzi 80. Na boneti ya gari jeusi iliyoshinda juani Mombasa au Dar es Salaam yaweza kupata moto wa kutosha kuilainisha ile ya kwanza. Walakini karnauba tupu ni ngumu na yenye kuvunjika, haikubali kupakwa kwa kitambaa, kwa hiyo watengenezaji hawana budi kuichanganya na mafuta, viyeyushi, na aghalabu hiyo hiyo nta ya nyuki. Na mnunuzi aonapo kopo limeandikwa kuwa ni karnauba halisi, asidhani kwamba kila kilichomo ndani kimetoka kwenye jani.

Amma rangi yenyewe, katika magari mengi ya siku hizi, ina tabaka kadhaa juu ya bati: kwanza rangi ya msingi, kisha rangi ionekanayo, na juu kabisa vanishi angavu, ambayo unene wake aghalabu haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Vanishi hiyo ndiyo inayopambana na jua, chumvi ya bahari, vumbi na kinyesi cha kunguru, na ndiyo inayotakiwa kuhifadhiwa na nta. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapohadaika, maana madukani kila kitu chenye kung'arisha huitwa polishi, ilhali viko vitu viwili mbalimbali: kimoja kina chembe laini za kusugua, nacho huondoa mikwaruzo kwa kuondoa sehemu ya vanishi yenyewe, cha pili hakiondoi kitu, bali huacha utando wa kinga. Mtu asuguaye gari lake kila mwezi kwa kile cha kwanza, akidhani analitunza, analimaliza polepole, na siku vanishi itakapokwisha hakuna nta itakayoirudisha.

Gari la kale lisilo na vanishi hutambulikana upesi: sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, na kitambaa kikitoka na rangi ya gari, ujue unasugua rangi tupu. Na gari lenye rangi isiyong'aa kwa makusudi lisipakwe nta ya kawaida kabisa, kwani litatoka mabaka.

Zipo pia nta za viwandani, zilizotengenezwa kwa polima na silikoni, ambazo hudumu miezi kadhaa, hali karnauba huanza kufifia baada ya majuma machache, hususan kwa gari lilalalo nje au lioshwalo kwa sabuni ya vyombo, ambayo huikatakata nta kama ikatavyo mafuta ya sufuria. Wapenzi wa karnauba husema kwamba mng'ao wake una kina na joto lisilopatikana kwingine. Hilo sitalibisha, ila ni suala la jicho, wala si la kinga. Mafundi wengine hupaka utando wa seramiki, wenye asili ya silika, udumuo zaidi ya hizo zote, lakini gharama yake ni kubwa, na ukipakwa juu ya mikwaruzo huifungia humo humo.

Kwa hukumu yangu, mwenye gari la kazi lisilo na banda achukue nta ya kiwandani isiyo na chembe za kusugua. Mwenye banda, subira na mapenzi ya mng'ao achukue karnauba, naye akubali kurudia mara kwa mara. Ama iwe hii ama ile, gari lioshwe likauke, liwekwe kivulini mpaka bati lipoe, nayo nta ipakwe nyembamba, maana ziada yote hufutwa na kitambaa bure. Na ikiwa gari limepigwa rangi upya gereji, liache majuma kadhaa bila nta, ili viyeyushi vilivyomo ndani ya rangi vipate kutoka; mwulize fundi aliyeipiga ni muda gani hasa kabla hujafungua kopo.