Samadi ya Bata: Naitrojeni Inayopotea Kabla ya Kufika Kwenye Mmea

Mkulima wa Garsen anayemwaga samadi ya bata shambani asubuhi na kuiacha juani hadi kesho yake huilisha hewa kabla ya kuulisha mmea. Kinachopotea ni naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani rangi ya kijani na kuukuza mmea. Hasara hii hutokea katika kila nchi, lakini uzito wake haulingani.

Hupotea vipi?

Bata hatoi mkojo peke yake kama ng'ombe au mbuzi. Uchafu wote hutoka pamoja, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi ina naitrojeni nyingi. Ikipata unyevu, vijidudu huigeuza kuwa amonia, gesi yenye harufu kali inayochoma macho ndani ya banda. Joto na upepo huzidisha upotevu huo, na vyote viwili havikosekani Tana River.

Njia ya pili ni maji. Sehemu ya naitrojeni hugeuka kuwa naitreti, ambayo huyeyuka upesi. Mvua huizamisha chini ya mizizi hadi kwenye maji ya visima, na mafuriko huisomba hadi mtoni.

Nchi nyingine hufanyaje?

Nchini Uholanzi mifugo ni mingi na ardhi ni finyu, kwa hiyo tatizo ni samadi kupita kiasi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 iliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, yaani karibu kilo 69 kwa ekari, ili kulinda maji. Wakulima wa huko pia hutakiwa kuiingiza samadi udongoni badala ya kuitandaza juu.

Nchini Japani, mkulima Takao Furuno alieneza ufugaji wa bata ndani ya mashamba ya mpunga. Vifaranga huingizwa wiki moja au mbili baada ya miche kupandikizwa. Hula magugu na wadudu, na kinyesi chao huangukia majini na kuchanganyika na tope, hivyo mkulima habebi samadi. Mpunga unapoanza kutoa masuke, bata huondolewa wasije wakala nafaka.

Afrika ina tatizo la upungufu. Viongozi waliokutana Abuja mwaka 2006 walikubaliana kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta, wakati wastani wa Kusini mwa Sahara ulikuwa kama kilo 8 tu. Kwa hiyo amonia inayopotea Uholanzi huchafua mazingira ya shamba lililokwisha kushiba, lakini inayopotea Garsen huondoka na sehemu ya mavuno.

Afya ya watoto

Maji yenye naitreti nyingi ni hatari kwa watoto wachanga, hasa yakitumiwa kukorogea maziwa ya unga, kwani hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti.

La kufanya

• Funika lundo la samadi kwa turubai au majani makavu, na liwe kivulini.
• Changanya kinyesi cha bata na mabua au maganda ya mpunga. Huzuia amonia kutoroka.
• Sambaza samadi jioni au alfajiri, kisha ifukie kwa jembe siku hiyo hiyo.
• Usiitie nyingi kwa mara moja kabla ya mvua kubwa. Igawe, mmea upate kidogo kidogo.
• Kwenye mpunga, maji yasikauke na kurudi mara kwa mara baada ya kuweka samadi. Kila udongo unapokauka na kufurika tena, naitrojeni nyingine hugeuka gesi na kutoweka.
• Usiingize bata katika shamba lililopuliziwa dawa.
• Weka lundo na banda angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo mafuriko hayafiki.

Hatua hizi zinafaa pia kwa samadi ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Mali bila daftari hupotea bila habari: mkulima ahesabu magunia anayopeleka shambani na kulinganisha mavuno msimu kwa msimu. Kwa ushauri zaidi, wakazi wamwone afisa wa ugani wa kilimo au wa mifugo katika wadi yao.